Mtoto amesimamishwa au amefukuzwa? Fahamu wajibu wa mwanafunzi na taratibu za adhabu shuleni

Siku chache zilizopita, baada ya kipindi chetu cha asubuhi kumalizika, mama mmoja alitupigia simu kutoka kijijini. Kijana wake anasoma kidato cha pili katika shule ya sekondari ya kata. Alikutwa na simu darasani, mwalimu alipoitaka akajibu kwa jeuri, na siku hiyo hiyo akarudi nyumbani. Ulikuwa unaingia mwezi wa pili tangu siku hiyo. Kijana alikuwa ameshaanza kubeba abiria kwa pikipiki ya mjomba wake, na mama alikuwa anaona siku zinakwenda.

Alituuliza swali moja tu: "Jamani, mwanangu amesimamishwa au amefukuzwa?"

Tulimuuliza kama ana barua. Hana. Tukamuuliza kama ameshafika shuleni. Bado, anaona aibu. Tukaona kwamba swali lake si la kwake peke yake. Kila tukizungumzia elimu, simu na ujumbe mnaotutumia huwa vinafanana: mtoto kachapwa kupita kiasi, mtoto karudishwa nyumbani, mtoto kaambiwa asirudi tena, na mzazi hajui aanzie wapi.

Kwa hiyo tumeandika makala haya uyasome taratibu kwenye simu yako, au umsomee jirani. Tunazungumzia shule za serikali za Tanzania Bara, kwa sababu Zanzibar ina sheria yake ya elimu. Jambo moja litajirudia hadi mwisho: katika nidhamu ya shule, kila hatua kubwa inatakiwa kuwa na karatasi. Mzazi anayejua karatasi hizo ana nafasi ya kuliwahi tatizo likiwa bado dogo.

Wajibu ambao wewe na mtoto mliusaini

Mtoto anapochaguliwa kuingia kidato cha kwanza, mzazi hupewa fomu ya maelekezo ya kujiunga na shule. Wengi wetu tukiipata fomu hiyo macho yanakimbilia kwenye mahitaji: sare, madaftari, jembe, fagio, ndoo. Kurasa za nyuma hatuzisomi, tunasaini tu. Na kurasa hizo ndizo zenye sheria za shule.

Ukiifungua leo, utakuta mambo ambayo kwa sehemu kubwa yanafanana kutoka shule moja hadi nyingine. Mwanafunzi anatakiwa kuwaheshimu viongozi, walimu, wafanyakazi wote wa shule, wazazi na wanafunzi wenzake. Anatakiwa kuhudhuria kila kipindi na kuwahi kila shughuli ya shule. Avae sare inavyotakiwa, awe msafi wa mwili na mavazi, atunze mazingira. Asitoke nje ya mipaka ya shule bila ruhusa. Atunze mali ya umma, yaani madawati, vitabu, madirisha na miti iliyopandwa. Shule nyingi pia zinakataza mwanafunzi kuwa na simu.

Wajibu huu haukuanzia kwa mkuu wa shule. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009, ambayo wengi tunaifahamu kwa upande wa haki, ina pia kifungu cha wajibu wa mtoto: kuwaheshimu wazazi na wakubwa, kuwasaidia inapohitajika, na kuitumikia jamii yake kulingana na umri na uwezo wake. Kwa hiyo mzazi anayemwambia mtoto "una haki zako, usikubali" amesema nusu tu ya yaliyomo kwenye sheria.

Mara nyingi fomu hiyo ina karatasi nyingine ya kusaini: mwanafunzi anaahidi kutoshiriki migomo, fujo na makosa ya jinai, na mzazi anaweka sahihi kuthibitisha. Siku mambo yakiharibika, karatasi hiyo ndiyo mkuu wa shule atakayoitoa kwenye faili na kuiweka mezani mbele yako. Ni vizuri uwe unaijua kabla ya siku hiyo.

Ushauri wetu hapa ni mdogo. Chukua jioni moja, kaa na mtoto, asome sheria hizo kwa sauti na wewe ukisikiliza. Muulize ni ipi inayomsumbua. Ukiwa na mtoto anayetembea mwendo mrefu kila asubuhi, utagundua mapema kwamba kuchelewa ndiko kutakakomletea matatizo. Hilo unaweza kulizungumza na mwalimu wa darasa kabla halijageuka kosa.

Makosa hayalingani

Kuna makosa ya kila siku: kuchelewa, kupiga kelele darasani, kutofanya kazi ya nyumbani, kutochomekea shati. Haya humalizwa na mwalimu wa darasa, mwalimu wa zamu au mwalimu wa nidhamu. Mtoto huonywa, hupewa kazi kama kufyeka au kusafisha eneo, au huitiwa mzazi.

Halafu kuna makosa ambayo fomu ya kujiunga inasema wazi kwamba yanaweza kusababisha mwanafunzi kufukuzwa. Miongoni mwake ni wizi, ulevi na uvutaji wa bangi, makosa ya ngono, kupigana au kumpiga mwalimu, kuharibu mali ya umma kwa makusudi, kudharau bendera ya taifa, kuoa au kuolewa, kugoma au kuchochea mgomo, na kukataa adhabu kwa makusudi.

Hilo la mwisho tulisimamie kidogo. Mtoto akiamua kumkatalia mwalimu adhabu, akarusha maneno au akaondoka, tayari amejiongezea kosa lingine, pengine kubwa kuliko la kwanza. Akiona anaonewa, aeleze kwa heshima, kisha aje kukuambia wewe. Kulalamika ni kazi ya mzazi, na njia zake tutazieleza hapa chini.

Utoro nao usiuchukulie kama jambo dogo. Vijijini kwetu mtoto anaweza kukosa shule wiki nzima kwa sababu ya kuchunga ng'ombe, kuvuna pamba, kuuza mnadani au kumlea mdogo wake wakati mama anaumwa. Nyumbani tunaona ametusaidia. Kwenye rejesta ya mahudhurio inaandikwa kwamba hakuwepo. Utoro ukiendelea, mtoto anaweza kupoteza nafasi yake, na mzazi mwenyewe anaweza kuitwa na mtendaji wa kijiji au wa kata kujieleza, kwa sababu kumpeleka mtoto shule ni takwa la sheria. Kama kuna ugonjwa au msiba, toa taarifa siku hiyo hiyo. Ikiwezekana andika barua fupi mtoto aipeleke, na wewe ubaki na nakala au uipige picha.

Viboko: kanuni inasema nini

Katika shule zetu viboko bado vinaruhusiwa kisheria, na wapo wanaokubaliana na hilo na wapo wanaolipinga. Lakini hata anayekubali viboko anatakiwa kujua kwamba kanuni haikumwachia kila mwalimu achape anavyotaka. Kanuni za Adhabu ya Viboko za mwaka 2002, zilizotolewa kwa Tangazo la Serikali Namba 294, zimeweka mipaka.

Kwanza, viboko ni kwa makosa makubwa ya nidhamu. Mtoto aliyeshindwa kujibu swali la hesabu hajafanya kosa kubwa la nidhamu.

Pili, idadi haizidi viboko vinne kwa tukio moja. Na adhabu lazima iangalie uzito wa kosa, umri wa mtoto, jinsia yake na afya yake.

Tatu, anayechapa ni mkuu wa shule mwenyewe, au mwalimu aliyepewa idhini na mkuu wa shule kwa maandishi. Kiranja hana ruhusa hiyo.

Nne, mwanafunzi wa kike huchapwa na mwalimu wa kike, isipokuwa kama shule haina kabisa mwalimu wa kike.

Tano, fimbo iwe nyepesi, na sehemu za kuchapwa ni mkononi au makalioni juu ya nguo. Kichwani, mgongoni, miguuni, ngumi, makofi, mateke, waya au mpini wa jembe, hayo yote yako nje ya kanuni.

Sita, kila mara adhabu inapotolewa iandikwe kwenye kitabu: jina la mwanafunzi, kosa lake, idadi ya viboko na jina la mwalimu aliyechapa. Mkuu wa shule anatia sahihi. Hii ndiyo karatasi ya kuuliza ukienda shuleni kufuatilia jambo la viboko. Uliza kwa upole tu: "Mwalimu, naomba kujua adhabu hii iliandikwaje kwenye kitabu?" Swali hilo peke yake linaonyesha kwamba unajua utaratibu.

Mipaka hiyo ina sababu. Agosti 2018, katika shule moja ya msingi mjini Bukoba, mwanafunzi wa miaka 13 alituhumiwa kuiba mkoba wa mwalimu, akapigwa, akafariki dunia. Machi 2019 Mahakama Kuu ilimtia hatiani mwalimu mmoja kwa kosa la mauaji na kumhukumu adhabu ya kifo. Familia moja ilimpoteza mtoto, na familia nyingine ikamwona ndugu yao akipelekwa gerezani, kwa jambo lililoanza na tuhuma ya mkoba. Kanuni inamlinda mtoto. Inamlinda pia mwalimu dhidi ya hasira zake mwenyewe.

Kusimamishwa na kufukuzwa ni vitu viwili

Sasa turudi kwenye swali la yule mama.

Kusimamishwa masomo ni kwa muda. Mtoto anatoka shuleni kwa siku au wiki zilizotajwa, mara nyingi wakati uchunguzi unaendelea au wakati shule inasubiri mzazi aje. Anabaki kuwa mwanafunzi wa shule ile. Jina lake bado liko kwenye rejesta, na siku zikiisha anatakiwa kurudi.

Kufukuzwa ni kuondolewa shuleni moja kwa moja. Kanuni zake nazo ni za mwaka 2002, Tangazo la Serikali Namba 295. Zinataja sababu kama utovu wa nidhamu wa makusudi unaorudiwarudiwa hadi kuhatarisha nidhamu au jina jema la shule, kutenda kosa la jinai kama wizi, uharibifu wa mali au kutumia dawa za kulevya, na kuingia kwenye ndoa. Tena kwa kosa la jinai, si lazima mtoto awe ameshtakiwa mahakamani kwanza. Wazazi wengi hawalijui hilo. Husema "polisi wamemwachia, kwa nini shule inamfukuza?" Shule ina utaratibu wake na polisi wana wao.

Lakini uamuzi mzito kama huu haufanywi na mwalimu mmoja mwenye hasira kwenye mstari wa asubuhi. Suala hupelekwa kwenye kikao: kamati ya shule kwa shule ya msingi, bodi ya shule kwa sekondari. Kikao huwa na muhtasari, na uamuzi hutolewa kwa barua. Mwalimu akimwambia mtoto kwa mdomo "nenda, nisikuone tena hapa", usikubali kwamba mambo yameishia hapo. Mtoto hana barua ya kufukuzwa, kwa hiyo mfuate mkuu wa shule ukaulize hali yake.

Kuna na jambo lingine tunalolisikia. Mzazi anaambiwa pembeni: "Mhamishe mtoto wako kimya kimya, tusimharibie." Pengine ni nia njema kabisa, na pengine uhamisho ni jambo zuri kwa mtoto. Lakini kabla hujakubali, uliza kosa ni lipi, limeandikwa wapi, na shule ya kumpokea ni ipi. Ukimtoa mtoto shule moja bila kuwa na nyingine, ndipo anapopotelea kwenye machimbo, ziwani au kwenye pikipiki.

Mambo ambayo si makosa ya nidhamu

Michango. Tangu Januari 2016 serikali ilipoanza kutekeleza elimu bila ada hadi kidato cha nne, nyaraka za elimu zimekataza kumrudisha mtoto nyumbani kwa sababu mzazi hajatoa mchango. Mzazi kuwa na deni la mahindi ya chakula cha mchana si kosa la mtoto. Shule na mzazi walimalize wao, mtoto akiwa darasani. Wewe nawe, kama mlikubaliana kwenye mkutano kuchangia chakula, timiza ahadi yako, kwa sababu mtoto mwenye njaa hasomi.

Mimba. Fomu nyingi za zamani zinaorodhesha mimba kama sababu ya kufukuzwa. Hali ilibadilika. Novemba 24, 2021, aliyekuwa Waziri wa Elimu, Profesa Joyce Ndalichako, alitangaza kwamba wasichana waliojifungua wanaruhusiwa kurudi kwenye shule za kawaida, na Waraka wa Elimu Namba 2 wa mwaka 2021 ukafuata kuhusu kurejea kwa wanafunzi waliokatiza masomo kwa sababu mbalimbali. Kama una binti nyumbani aliyejifungua na mnadhani mlango umefungwa, nendeni shuleni au kwa afisa elimu kata mkaulize utaratibu wa kurudi.

Na kwa aliyempa mimba mwanafunzi, au aliyemwoa, marekebisho ya Sheria ya Elimu ya mwaka 2016 yameweka adhabu ya kifungo cha miaka 30 jela. Mzazi anayepokea mahari au fedha za kulimaliza nyumbani ajue anacheza na sheria hiyo.

Ukiitwa shuleni, fanya hivi

Nenda siku hiyo uliyoitwa. Walimu wengi tuliozungumza nao wanasema jambo linalowakatisha tamaa ni wito wa mzazi usiojibiwa. Mzazi asipofika, mtoto anakosa wa kumtetea, na kosa dogo linakaa kwenye faili likisubiri kosa la pili.

Kabla ya kwenda, msikilize mtoto mkiwa wawili. Usimpige kwanza. Muulize nini kilitokea, nani walikuwepo, na yeye alisema nini. Watoto huficha mambo, lakini ukimtisha atakuficha zaidi.

Ukifika, msalimie mwalimu na umsikilize hadi amalize. Kisha uliza maswali manne: Mtoto ameshtakiwa kosa gani hasa? Lipo wapi kwenye sheria za shule? Yeye mwenyewe amesikilizwa? Na hatua gani inafuata, kwa tarehe ipi? Andika majibu kwenye daftari. Kama amesimamishwa, omba barua yenye tarehe ya kurudi, usiondoke bila hiyo tarehe.

Kama mtoto amekosa kweli, kiri. Omba apate mwalimu wa ushauri nasaha, na useme wewe nyumbani utafanya nini. Mzazi anayekuja na mpango husikilizwa kuliko anayekuja na kelele.

Ukiona haki haijatendeka

Anza na mkuu wa shule. Usiporidhika, mwone mwenyekiti wa kamati au bodi ya shule. Baada ya hapo nenda kwa afisa elimu kata, kisha kwa afisa elimu wa halmashauri, wa msingi au wa sekondari kutegemea shule. Kila hatua peleka barua na ubaki na nakala iliyogongwa muhuri wa kupokelewa.

Mtoto akiumizwa, usianze na barua. Mpeleke kwanza kituo cha afya, na upite polisi upate fomu ya matibabu, PF3. Kwenye vituo vingi vya polisi lipo Dawati la Jinsia na Watoto. Unaweza pia kumwona afisa ustawi wa jamii, au kupiga namba 116, simu ya huduma kwa mtoto, ambayo ni bure. Makosa ya mwalimu kikazi hushughulikiwa na Tume ya Utumishi wa Walimu, yenye ofisi wilayani. Jambo moja tunakuomba: usiende shuleni na panga wala kundi la ndugu. Ukimpiga mwalimu, wewe ndiye utakayelala mahabusu, na kesi ya mtoto wako itasahaulika.

Na kama mtoto amefukuzwa kwa haki na barua imetoka, masomo hayajaisha. Anaweza kusoma kwa njia ya elimu ya watu wazima, afanye Mtihani wa Maarifa unaojulikana kama QT, na akifaulu afanye mtihani wa kidato cha nne kama mtahiniwa wa kujitegemea. Njia hiyo ni ndefu na ina gharama, lakini ipo.

Yule mama aliishia wapi

Tulimshauri aende shuleni na daftari lake. Alikwenda, akatupigia tena jioni yake. Mkuu wa shule alifungua faili na kumwonyesha nakala ya barua. Kijana alisimamishwa wiki mbili, na tarehe ya kurudi ilikuwa imepita zamani. Barua yenyewe alipewa mtoto aipeleke nyumbani. Hakuipeleka. Aliificha chini ya godoro, kwa sababu ilisema arudi na mzazi.

Mama alisema alikasirika, kisha akakaa kimya njia nzima. Shule nayo ilikosea kiasi chake, maana wiki zilipita na hakuna aliyempigia simu kuuliza mtoto yuko wapi, wakati namba yake iko kwenye fomu. Na yeye mwenyewe alikubali kwamba aibu ilimchelewesha.

Jumatatu iliyofuata walikwenda wote wawili. Kijana aliomba radhi mbele ya mwalimu wa nidhamu, akapewa kazi ya kufyeka, akarudi darasani. Ana wiki nyingi za masomo za kufidia kabla ya upimaji wa kidato cha pili mwezi Novemba, na pikipiki ya mjomba imerudishwa kwa mjomba.

Kama kwako yupo mtoto aliye nyumbani na hujui amesimamishwa au amefukuzwa, usisubiri mwezi wa pili. Kesho asubuhi chukua daftari, nenda shuleni, ukaulize barua iko wapi.